Mshenga wa Maji na Mafuta

Wajukuu zangu, nitaanzia mtoni. Kaskazini mwa Ethiopia kuna mji uitwao Adwa. Mwaka 1964 alifika huko mwanasayansi kijana, Mwethiopia mwenyewe, jina lake Aklilu Lemma. Alikuwa akitafuta konokono. Si wale wanaotafuna mboga bustanini, bali wale wadogo wa majini wanaobeba vimelea vya kichocho, ugonjwa ambao mtoto yeyote aliyekatazwa kuoga ziwani ameshausikia.

Lemma akaona jambo la ajabu. Pale akina mama walipokuwa wakifulia, konokono waliokufa walikuwa wengi kuliko kwingineko mtoni. Akina mama wale walikuwa wanafua kwa matunda madogo ya mmea uitwao endod, yaliyokaushwa na kusagwa. Yakitiwa maji hutoa povu tele, na nguo nyeupe hutakata. Lemma akayajaribu kwa konokono wazima. Wakafa. Utafiti wa miaka mingi ukafuata, na mwaka 1989 yeye na mwenzake Legesse Wolde-Yohannes wakapewa Tuzo ya Right Livelihood nchini Sweden.

Sasa jiulizeni: kwa nini kitu kinachotakatisha shuka kiue konokono? Mkilipata jibu hilo mtakuwa mmeelewa nusu ya maandishi madogo yaliyo nyuma ya kila pakiti ya sabuni dukani, yale ambayo hakuna anayeyasoma.

Maji na mafuta hayapatani. Osha sufuria ya pilau kwa maji matupu uone: unayahamisha tu mafuta kutoka huku kwenda kule. Hapo anatakiwa mshenga, mtu wa katikati anayekubalika pande zote mbili. Kila chembe ya sabuni, ndogo kiasi kwamba hadubini ya shuleni haiwezi kuiona, ina kichwa kinachopenda maji na mkia mrefu unaopenda mafuta. Mikia hujichomeka kwenye tone la mafuta, vichwa hubaki nje vikielekea majini. Tone likishazingirwa kote, maji hulibeba pamoja na masizi na vumbi lililoshikamana nalo. Kazi ya sabuni ni hiyo tu. Povu ni hewa iliyonaswa kazi ikiendelea, na mtu anayepima sabuni kwa povu amepima hewa.

Endod ina mshenga wake wa asili, aitwaye saponini. Hata majani ya mkunazi yana saponini; ndiyo maana yakisagwa hutoa povu, na watu wa mwambao na wa Oman wameyatumia kuoshea nywele, na Waislamu huyatumia hadi leo kuoshea maiti. Tukirudi kwa konokono: mwili wa kila kiumbe umejengwa kwa seli, na kila seli imezungukwa na utando ambao sehemu kubwa ni mafuta. Mshenga akiwa mkali huingia kwenye utando ule akautoboa. Ninyi mna ngozi ambayo tabaka lake la juu ni seli zilizokwisha kufa, kwa hiyo mnasalimika. Konokono wa majini hana kinga hiyo, wala samaki; ndiyo maana endod ni sumu kwa samaki pia, na si kitu cha kuonja. Virusi vya korona navyo vimevaa utando wa mafuta. Ile amri ya mwaka 2020, ya kunawa kwa sabuni sekunde 20, haikuwa na siri zaidi ya hii.

Haya, tuingie jikoni mwa mtengeneza sabuni.

Sabuni ya kipande, iwe ya mche ya kufulia au ya kuogea yenye karatasi ya maua, huzaliwa na vitu viwili: mafuta na alkali. Mfaransa Michel Eugène Chevreul, aliyeishi miaka 102, ndiye aliyeeleza vizuri kinachotokea humo, katika kitabu alichokitoa mwaka 1823. Mafuta yameundwa kwa asidi za mafuta zilizoshikana na glisarini. Alkali ikiingia, huzitenganisha. Asidi hushikana na alkali zikawa sabuni, glisarini hubaki peke yake. Wazee waliochemsha mafuta na maji ya majivu walikuwa wakifanya jambo hilohilo bila kulijua jina. Majivu yana potasiamu, na sabuni ya potasiamu huwa laini, haigandi vizuri. Leo watu hutumia kostiki soda, yenye sodiamu, na sabuni hukauka ikawa ngumu.

Ndiyo maana ukigeuza karatasi ya sabuni ya kuogea, neno la kwanza huwa mara nyingi "Sodium". Linalofuata ndilo lenye habari, kwa sababu hukuambia mafuta yalitoka wapi. "Sodium Palmate" ni mawese. "Sodium Palm Kernelate" ni mafuta ya kokwa ya chikichi, ambayo watu wa Kigoma huyaita mise. "Sodium Cocoate" ni nazi. "Sodium Tallowate" ni mafuta ya wanyama, kwa kawaida ng'ombe au kondoo, na "Sodium Lardate" ni ya nguruwe. Kwa familia ambayo jambo hili linahusu dini yao, neno "Tallowate" pekee halisemi mnyama ni yupi wala amechinjwa vipi. Ni bora kuuliza, au kuchukua sabuni ya mafuta ya mimea.

Kwa nini viwanda vichanganye mafuta? Kwa sababu ya urefu wa mikia. Asidi iliyo nyingi zaidi katika nazi na mise ina kaboni 12 tu. Mkia mfupi huyeyuka upesi majini, povu hujaa mikononi, hata maji ya bahari hayaishindi sabuni hiyo. Mabaharia walipewa sabuni ya nazi kwa sababu hiyo. Lakini mkia huohuo mfupi huondoa hata mafuta ambayo ngozi yako inayahitaji, na ngozi hubaki kavu na kuwasha. Mawese yana mikia mirefu zaidi, mingi ya kaboni 16 na 18. Povu lake ni dogo, la taratibu, na kipande hudumu. Mchanganyiko uliozoeleka ni kama sehemu nne za mawese au mafuta ya wanyama kwa sehemu moja ya nazi au mise. Basi mkiona sabuni mbili, moja inayeyuka kwenye kisahani kabla ya wiki kuisha na nyingine inakaa, tazameni kwanza ni mafuta gani yametangulia kwenye orodha. Kwa kawaida orodha hupangwa kwa uzito: kilicho kingi ndicho cha kwanza.

Kuna hesabu moja hapa ninayoipenda, maana inaonyesha kwa nini sabuni si kazi ya kukisia. Kilo moja ya mafuta ya nazi huhitaji takribani gramu 180 za kostiki soda ili yote igeuke sabuni. Kilo moja ya mawese huhitaji takribani gramu 140. Mtu akichukua kipimo cha nazi akakitumia kwa mawese, gramu 40 za kostiki hubaki ndani ya sabuni bila kazi, na kazi zitakayoipata ni ngozi ya mtu. Kostiki huunguza. Ikiingia machoni huweza kuyapofusha. Ninyi bado wadogo, msiiguse bila mtu mzima aliyevaa glovu na miwani. Na hata yeye humimina kostiki kwenye maji, kamwe si maji kwenye kostiki, kwa sababu joto linalotoka ni kali na mchanganyiko hurukia usoni.

Na ile glisarini? Mwenye kiwanda kidogo huiacha ndani ya sabuni, na ni vizuri, kwa kuwa huvuta unyevu na kulainisha ngozi. Viwanda vikubwa huitoa kwa kutumia chumvi na kuiuza kivyake, ikaingia kwenye losheni na dawa za kikohozi. Halafu unaenda dukani kununua sabuni na chupa ya glisarini, vitu viwili vilivyotoka kwenye pipa moja. Katika Vita Kuu ya Pili, akina mama wa Marekani waliombwa wakusanye mafuta yaliyobaki kwenye kikaango, ili yatolewe glisarini ya kutengenezea baruti. Mabaki ya kukaangia nyama yalikwenda vitani.

Sabuni ya kipande ina adui mmoja mkubwa, na wakazi wa Unguja na Mombasa wanaotumia maji ya visima wanamfahamu. Visima vingi huko vimechimbwa kwenye mawe ya matumbawe, ambayo ni chokaa, na maji yake yamejaa kalsiamu. Hayo huitwa maji magumu. Kalsiamu ikikutana na sabuni huinyang'anya sodiamu nafasi yake, na mshenga wetu hugeuka kuwa utando mweupe usioyeyuka, ule unaong'ang'ania ndooni na kufanya kola ya shati jeupe iwe ya kijivu. Jaribuni wenyewe. Tieni maji ya mvua kwenye chupa moja na maji ya kisima kwenye nyingine, kiasi sawa. Parueni sabuni ya mche kidogo, kiasi sawa tena, mtikise. Kisha rudieni kwa sabuni ya unga. Mtaona kwamba maji ya kisima yanaiangusha sabuni ya mche, lakini sabuni ya unga inasimama.

Inasimamaje? Kwanza, ndani yake mna mlinzi. Mara nyingi ni soda ashi, na hii tunayo hapahapa kwetu. Ziwa Magadi nchini Kenya limefunikwa na magadi, ndugu wa yale ambayo bibi zenu hutia kwenye maharage yaive upesi, na kampuni ya kuyachimba ilianzishwa mwaka 1911. Yakichomwa hupatikana soda ashi. Ikiwa majini, soda ashi huikamata kalsiamu na kuigandisha kabla haijamfikia mshenga. Zamani viwanda vingi vilitumia fosfeti kwa kazi hiyo, na inafanya kazi vizuri mno, ila ikifika ziwani huwa mbolea ya mwani; mwani hufunika maji, unapooza hutumia hewa yote, na samaki hukosa ya kuvuta. Nchi nyingi zimeipunguza au kuipiga marufuku.

Pili, mshenga mwenyewe ni mwingine. Wajerumani waliokosa mafuta wakati wa Vita Kuu ya Kwanza walianza kutafuta washenga wasiotegemea mafuta ya kula, na kufikia miaka ya 1930 poda za namna hiyo ziliuzwa madukani Ujerumani na Marekani. Kichwa cha washenga hawa kina salfa, na kalsiamu haikiharibu kwa urahisi. Tuwaite detajenti, ili tuwatofautishe na sabuni ya Chevreul.

Hapa ndipo kuna kisa cha povu lililokataa kufa. Detajenti iliyoenea baada ya Vita Kuu ya Pili ilitengenezwa kwa petroli, na mkia wake ulikuwa na matawi matawi. Ilisafisha vizuri sana. Shida ilikuwa mtoni. Bakteria wanaokula uchafu majini huumaliza mkia kwa kuutafuna kutoka ncha, lakini wakifika kwenye tawi hukwama. Basi povu likakaa. Katika miaka ya 1950 mito ya Ulaya na Marekani ilibeba marundo meupe yaliyopeperushwa na upepo, na kuna sehemu za Marekani maji ya bomba yalitoka yakiwa na povu. Ujerumani Magharibi ikatunga sheria mwaka 1961. Wanakemia wakanyoosha mkia, wakautengeneza bila matawi, na kufikia mwaka 1965 viwanda vya Marekani vilikuwa vimebadili. Bakteria wakala, povu likatoweka. Badiliko dogo la umbo la mkia liliokoa mito mingi.

Mkia ule ulionyooka mnaweza kuununua Kariakoo, Dar es Salaam. Ni ule uji mzito wa kahawia ambao watengeneza sabuni ya maji huuita salfoniki. Ni asidi kali, hivyo hutiwa soda ashi kidogo kidogo mpaka ukali uishe, na hapo huwa detajenti. Baada yake huongezwa slesi, ambayo Kenya wengi huiita ungaroli, uji mweupe mzito unaoleta povu. Kisha CDE, inayotokana na nazi, ili povu likae. Kisha rangi, manukato, na chumvi ya kawaida. Chumvi ya nini? Ya kuleta uzito. Chumvi kiasi hufanya mchanganyiko wa slesi uwe mzito kama asali, ukizidisha hurudi kuwa mwepesi. Basi anayetikisa chupa dukani na kusema "hii nzito, hii ndiyo yenyewe" huenda amesifu chumvi ya shilingi chache.

Sisemi sabuni za mtaani ni mbaya. Nimeona nzuri. Ninachokichukia ni formalini, ambayo baadhi hutia ili sabuni isioze. Huwasha ngozi na macho, na mvuke wake umo kwenye orodha ya visababishi vya saratani. Vipo vihifadhi vingine. Na kabla ya kununua kwa jirani, chukua karatasi ya litmasi kutoka maabara ya shule. Sabuni ya maji iliyopimwa vizuri haigeuzi sana rangi ya karatasi upande wowote. Ikiigeuza nyekundu kabisa, salfoniki haijaisha ukali.

Karatasi hiyohiyo itawaonyesha tofauti ya sabuni za kuogea. Ngozi ya binadamu ina asidi kidogo, pH yake ni kama 5. Sabuni halisi ya kipande iko 9 hadi 10, kwa hiyo litmasi nyekundu hugeuka bluu. Ngozi yenye afya hujirekebisha baada ya muda, wala si jambo la kuogopa. Lakini mtoto mwenye pumu ya ngozi huteseka, na kwake kuna vipande vilivyotengenezwa kwa detajenti laini badala ya sabuni. Vinafanana na sabuni kwa umbo, lakini nyuma utasoma "Sodium Cocoyl Isethionate", na huko Marekani, kwa kuwa sheria haiviiti sabuni, mtengenezaji huandika tu neno kama "kipande cha urembo".

Kuhusu "Sodium Lauryl Sulfate", SLS, mmeshasikia mengi kwenye simu za wazazi. Ujumbe unaosema inaleta saratani umezunguka tangu miaka ya 1990, na hauna ushahidi. Ukweli wake ni mdogo zaidi: SLS hukausha na kuwasha ngozi, hata wanasayansi huitumia makusudi pale wanapotaka kuwasha ngozi kidogo katika majaribio yao. Ndugu yake SLES, "Sodium Laureth Sulfate", ni mpole zaidi. Tofauti ni herufi chache tu, basi someni polepole.

Kisha mgeuze pakiti, msome na upande wa mbele, wenye herufi kubwa. "Inaua asilimia 99 ya bakteria." Mwezi Septemba 2016 mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani ilipiga marufuku viambato 19 vya kuua bakteria katika sabuni za kunawia za nyumbani, kikiwemo triklosani, kwa sababu watengenezaji walishindwa kuonyesha kwamba vinazidi maji na sabuni ya kawaida. Kwa hiyo neno hilo la mbele mimi hulilipia senti sifuri.

Neno linalonitisha ni jingine: sabuni ya kung'arisha ngozi. Baadhi zimekuwa na zebaki, ambayo huingia kupitia ngozi na kuharibu figo na mishipa ya fahamu, na mama akiitumia humfikia mtoto tumboni. Mkataba wa Minamata wa mwaka 2013, uliopewa jina la mji wa Japani ambako zebaki ya kiwanda iliwalemaza watu wengi, unakataza sabuni za namna hiyo. Mkiona "Mercury", "Mercuric Iodide" au "Calomel" kwenye pakiti, au pakiti isiyo na orodha kabisa, iacheni. Na kama mtu ameshawaambia kwamba rangi yenu inahitaji kusafishwa, yeye ndiye mwenye tatizo.

Mwisho ni jiki, ambayo huko Bujumbura na Lubumbashi wanaiita javeli, kutokana na Javel, wakati ule kijiji jirani na Paris, ambako maji ya namna hii yalianza kutengenezwa katika miaka ya 1780. Hii si mshenga. Haibebi mafuta kwenda kokote. Ni sodiamu haipokloriti, na hushambulia rangi ya doa mpaka isionekane, na vijidudu mpaka vife. Kwa hiyo sakafu yenye mafuta uipige sabuni kwanza, uisuuze, ndipo utie jiki. Ukianza na jiki, uchafu huimaliza nguvu bure. Chupa iliyokaa juani miezi mingi nayo huwa imepungua nguvu.

Lakini sikieni vizuri. Dawa nyingi za choo zina asidi. Asidi ikikutana na jiki hutoka gesi ya klorini, gesi ileile ambayo askari wa Ujerumani waliwafungulia adui zao huko Ypres, Ubelgiji, mwaka 1915, katika Vita Kuu ya Kwanza. Jiki na mkojo uliokaa, au kitu chochote chenye amonia, hutoa gesi nyingine inayounguza mapafu. Watu huvichanganya chooni, mahali padogo, mlango umefungwa, wakidhani viwili vitasafisha kuliko kimoja. Tumieni kimoja, msuuze kwa maji mengi, siku nyingine mtumie kingine. Na mkisikia harufu kali inayokata koo, tokeni nje papo hapo, acheni mlango wazi, mwiteni mtu mzima. Ndoo na brashi viacheni humohumo.